Naweza kumtoa mwanangu shule nimsomeshe mwenyewe nyumbani?

SWALI: Assalaam alaykum wakili. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Raskazone hapa Tanga. Binti yangu ana miaka minane, yuko darasa la tatu, na ana pumu. Darasa lao limejaa, asubuhi watoto wanafagia, vumbi linatimka, na haipiti wiki sijapigiwa simu nikamchukue. Nilikuwa mwalimu wa sekondari kabla sijaacha kazi. Nataka nimtoe nimsomeshe nyumbani, na mdogo wake wa miaka minne nisimwandikishe kabisa. Wifi yangu yuko Johannesburg, wanawe hawaendi shule na anasema ni halali. Kaka yangu aliyeko Ujerumani anasema huko ukifanya hivyo polisi wanakuja kukuchukulia watoto. Hapa kwetu sheria inasemaje? Na kama kumlea mtoto ni haki ya mzazi, mbona haki hiyo inabadilika ukivuka mpaka? Tuko kina mama watano tuna wazo hili hili, tumefikiria hata kuwakusanya watoto kwangu. Mume wangu naye anasema huenda tukahamia kwa dada yake huko Afrika Kusini. Naomba unieleweshe. Mama Nasra, Tanga.

JIBU:

Wa alaykumu s-salaam, Mama Nasra. Nianze na jibu lenyewe: hapana. Kwa Tanzania Bara huwezi kumtoa shule binti wa miaka minane ukamsomesha nyumbani badala ya shule, hata kama wewe ni mwalimu mwenye cheti na umefundisha miaka mingi.

Sheria inayokuhusu ni Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, kifungu cha 35. Kinasema kila mtoto aliyetimiza miaka saba na ambaye hajafika kumi na mitatu lazima aandikishwe elimu ya msingi. Aliyeandikishwa anatakiwa ahudhurie shule mfululizo mpaka amalize masomo ya ngazi hiyo. Jukumu la kuhakikisha hayo yanafanyika limewekwa mabegani mwa mzazi au mlezi, na anayelikwepa anaweza kushtakiwa. Mahakama ikimtia hatiani, kuna faini na kuna kifungo.

Watu hunijibu, "Lakini wakili, sheria haijakataza kufundisha nyumbani." Kweli haijakataza. Unaweza kumfundisha Nasra jioni, Jumamosi, likizo nzima ya Juni, na hakuna atakayekuuliza. Vitabu vya mtaala vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Tatizo ni kwamba sheria imetaja shule kwa jina lake, ikataja kuandikishwa na kuhudhuria, na haikuacha nafasi ya mzazi kusema "mimi nitafanya kazi hiyo mwenyewe". Kwa hiyo mafunzo yako ya nyumbani, yawe mazuri namna gani, hayahesabiki kuwa utekelezaji wa kifungu cha 35.

Inafaa kujua kifungu hiki kilitoka wapi, maana hakikutungwa kwa ajili ya mama kama wewe. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza Elimu ya Msingi kwa Wote, na ilipofika 1977 serikali ikawa inajaza madarasa nchi nzima. Sheria ya 1978 ikaja kumbana mzazi aliyemficha mtoto ili aende kuchunga, kuvua, kuuza karanga au kuolewa. Huku kwetu Mwambao kulikuwa na sababu ya ziada. Wazee wengi walihofia shule tangu enzi za misheni, wakiona mtoto atarudi na dini nyingine. Wajerumani walipofungua shule yao ya serikali hapa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 waliikuta hofu hiyo tayari. Mwenye kutunga sheria alikuwa anapigana na hayo yote, na mzazi aliyesoma anayetaka kufundisha vizuri zaidi ya shule hakuwa akilini mwake. Mimi binafsi naona ingefaa mzazi wa aina hiyo awekewe mlango, wenye ukaguzi mkali, tena ukaguzi wa kweli wa kumkalisha mtoto chini na kumpima. Lakini hayo ni maoni yangu. Mlango huo leo haupo, na sipendi Nasra ndiye awe wa kwanza kuugonga.

Twende kwenye utendaji. Usidhani polisi watakuja Raskazone keshokutwa. Mambo huanzia kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu wa darasa huita majina asubuhi na kutia alama. Jina la Nasra likikaa bila alama wiki nzima, wiki ya pili, mwalimu mkuu anatakiwa kuuliza. Hukupiga simu? Taarifa inakwenda kwa mtendaji wa mtaa au wa kata, na afisa elimu kata anaijua. Utaletewa wito. Wengi humalizana hapo hapo kwa mazungumzo na ahadi. Wengine hawafuatiliwi kabisa, ndiyo maana utasikia mtu Ngamiani au Makorora anakwambia, "Mbona fulani kamtoa mwanawe na hakuna kilichotokea." Mtu huyo anakueleza alivyonusurika tu, na kunusurika kwake hakubadilishi sheria.

Kinachoniogopesha zaidi ya mtendaji ni mtihani. Kila mwanafunzi wa msingi ana namba yake kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, ile walimu wanayoiita namba ya PReM, na namba hiyo inatolewa kupitia shule. Akihama, inahama naye. Upimaji wa darasa la nne husajiliwa na shule. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi nao husajiliwa na shule. Hakuna dirisha la mzazi kwenda kumwandikisha mtoto wake kama mtahiniwa wa kujitegemea katika ngazi hiyo. Huo utaratibu wa kujitegemea unaanzia sekondari. Ukimtoa leo, baada ya miaka michache utakuwa na binti anayejua hesabu kuliko wenzake wa mtaa mzima, na hana karatasi ya kumwingiza kidato cha kwanza.

Hapo utaniambia kuhusu Mtihani wa Maarifa. Upo, na ni mtihani wa heshima: aliyeikosa sekondari ya kawaida anaufanya, akifaulu anaruhusiwa kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imekuwa ikiwasaidia watu kwa njia hizo tangu miaka ya 1970, na kwa watoto waliochelewa kuna MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa. Ila njia hizi zimetengenezwa kwa walioikosa shule. Kumtoa mtoto aliye ndani ili baadaye apitie mlango wa waliokosa, sioni faida yake.

Sasa wifi na kaka. Wote wawili wamekwambia kweli, na tofauti yao inatokana na jambo moja ambalo ukilishika nchi zote zitakueleweka. Kuna nchi ambazo kilicho cha lazima ni mtoto kupata elimu, na shule ni njia mojawapo tu ya kuipata. Kuna nchi ambazo kilicho cha lazima ni shule yenyewe. Kisha kuna swali la pili, la nani anakagua na kwa ukali gani, na hapo ndipo hata nchi zinazoruhusu zinapoachana.

Uingereza ndiyo mfano safi wa kundi la kwanza. Sheria yao ya Elimu ya 1996, kifungu cha 7, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa kwa kuhudhuria shule mara kwa mara au kwa njia nyingine. Maneno hayo ya mwisho yalikuwamo tangu sheria ya 1944, na juu yake wazazi wa huko wamejenga kila kitu. Kwa miaka mingi mzazi ambaye hajawahi kumwandikisha mtoto shule hakuwa na wajibu hata wa kuiarifu halmashauri. Uhuru huo umeanza kuwatia wasiwasi wenyewe, na mwishoni mwa 2024 serikali ilipeleka bungeni muswada wenye rejista ya watoto wasio shuleni.

Marekani huwezi kuisema kwa sentensi moja, maana elimu ni kazi ya kila jimbo. Mahakama Kuu ya huko ilisema mwaka 1925, katika kesi iliyotoka Oregon, kwamba serikali haiwezi kuwalazimisha watoto wote wasome shule za umma pekee. Mwaka 1972 ikawaruhusu wazazi wa Kiamish, Wakristo wanaojitenga na maisha ya kisasa, huko Wisconsin kuwatoa watoto wao baada ya darasa la nane kwa sababu ya imani yao. Kesi zote mbili hazikuhusu hasa kusomesha nyumbani, ila ziliwapa wazazi nguvu ya kusukuma mabunge ya majimbo, na kufikia 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yameruhusu. Lakini uruhusu wa Texas na uruhusu wa New York ni vitu viwili mbalimbali. Texas mzazi hahitaji kumwarifu mtu. New York anapeleka taarifa kila mwaka, mpango wa masomo, ripoti kila robo mwaka, na tathmini mwishoni. Kwa hiyo mtu akikwambia "Marekani wanaruhusu", muulize jimbo gani.

Wifi yako yuko kwenye nchi iliyoandika ruhusa hiyo ndani ya sheria. Sheria ya Shule ya Afrika Kusini, Na. 84 ya 1996, kifungu cha 51, inamruhusu mzazi kuomba mtoto wake asajiliwe kupata elimu nyumbani, na mwombwaji ni mkuu wa idara ya elimu ya mkoa. Neno la kulishika hapo ni kusajiliwa. Wapo huko wanaosomesha nyumbani bila kujisajili, na hao wako nje ya sheria kama ambavyo wewe ungekuwa hapa. Mambo yakabanwa zaidi Septemba 2024 Rais Cyril Ramaphosa alipotia saini sheria ya marekebisho wanayoiita BELA. Sasa darasa la awali wanaloliita Grade R ni la lazima, mzazi anatakiwa kutunza kumbukumbu za kazi za mtoto, na mtoto anapimwa na mtathmini anayekubalika mwishoni mwa kila hatua ya masomo. Sheria hiyo ilileta kelele nyingi huko, wazazi wakilalamika kwamba serikali inaingia sebuleni. Muulize wifi kama yeye amesajiliwa. Usimuulize kwa ukali, ni wifi yako, lakini muulize kabla hujamtolea mfano.

Kaka yako naye hakukutisha bure. Ujerumani ni kundi la pili, na ndiyo kali kuliko nyingi ninazozijua. Lazima ya shule ilikuwamo tayari kwenye katiba yao ya 1919, na leo iko katika sheria za kila jimbo. Kumsomesha mtoto nyumbani kwa sababu ya dini au kwa kutopenda mazingira ya shule hakukubaliki. Familia ya Konrad ilikwenda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, ikidai kwamba imani yao ya Kikristo inawapa haki hiyo. Septemba 2006 mahakama ikakataa hata kuipokea kesi. Hoja iliyokubalika ni kwamba shule hukutanisha watoto wa jamii zote na kuzuia watu kuishi kwa makundi yasiyojuana, na kwamba wazazi bado wana jioni na mwisho wa wiki kuwalea watoto kwa imani yao. Unaiona? Ni jibu lile lile nililokupa juu ya jioni na Jumamosi, tofauti ni kwamba kule limetolewa na majaji.

Habari ya polisi huenda kaka ameipata kwenye kesi ya Wunderlich. Agosti 2013, karibu na mji wa Darmstadt, maofisa wa ustawi wa watoto wakiwa na polisi waliwachukua watoto wanne wa familia hiyo kwa sababu hawakupelekwa shule. Walirudishwa baada ya wiki kama tatu, wazazi walipokubali waende shule. Familia ikashtaki Strasbourg, na Januari 2019 mahakama ikasema haki yao ya maisha ya familia haikuvunjwa. Familia nyingine, Romeike, ilikimbilia Tennessee mwaka 2008. Jaji wa uhamiaji akawapa hifadhi 2010, kana kwamba wamekimbia mateso. Bodi ya rufaa za uhamiaji ikaiondoa 2012, na 2013 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo ikisema Ujerumani inawabana wote sawasawa, haimbagui mtu kwa dini yake. Machi 2014 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuwasikiliza, na kesho yake serikali ikawaambia wanaweza kubaki. Nimekueleza kwa urefu kwa sababu kesi hizi huzunguka sana kwenye simu zetu zikiwa nusu nusu, na kila anayezituma hukata kipande kinachomfaa.

Sweden iliwahi kuwa laini, ikafunga mlango kwa sheria yake ya 2010 iliyoanza kutumika mwaka uliofuata: ruhusa hutolewa kwa sababu za pekee mno, na imani haihesabiwi. Baadhi ya familia zilihamia visiwa vya Åland, upande wa Finland, ambako kilicho cha lazima ni elimu na halmashauri hufuatilia maendeleo ya mtoto. Ufaransa inakuhusu zaidi wewe. Tangu sheria za Jules Ferry za 1882 mzazi wa Kifaransa aliweza kufundisha nyumbani kwa kutoa taarifa tu. Sheria ya Agosti 2021 ikageuza taarifa kuwa ombi: tangu Septemba 2022 unaomba kibali, nacho kinatolewa kwa sababu nne, ya kwanza ikiwa ni afya au ulemavu wa mtoto. Nasra angekuwa Marseille, cheti cha daktari kingeanzisha mazungumzo. Hispania haina mlango huo. Mahakama ya Katiba yao ilishakataa mwaka 2010.

Jirani zetu nao usiwategemee. Nimesikia mzazi akisema atavuka Horohoro akakae Lungalunga, kwamba Kenya kuna uhuru. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inafanya shule ya msingi na sekondari kuwa lazima, na mzazi asiyempeleka mtoto bila sababu ya kuridhisha anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi za Kenya 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wapo Wakenya wanaosomesha nyumbani na wamejipanga vizuri, ila wanafanya hivyo chini ya sheria hiyo hiyo. Na ukifikiria Pemba, kwa kuwa boti ziko hapo: kweli elimu ya msingi si jambo la Muungano, Zanzibar ina wizara yake na Sheria yake ya Elimu ya 1982, lakini huko nako elimu ya msingi ni lazima. Baraza la Mitihani, kwa upande mwingine, ni la Muungano, kwa hiyo ukivuka bahari utalikuta lile lile linakusubiri gatini.

Umeuliza kwa nini haki ya mzazi ibadilike mpakani. Swali zuri, na jibu lake linaudhi kidogo. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 26, linasema wazazi wana haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu watakayopewa watoto wao. Mkataba wa 1966 wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni, ambao Tanzania imejiunga nao, unarudia jambo hilo katika ibara ya 13. Lakini soma ulivyoandikwa: unamhakikishia mzazi uhuru wa kuchagua shule nyingine zaidi ya zile za serikali, mradi zitimize viwango vya chini vilivyowekwa na dola. Uhuru uliotajwa ni wa kuchagua kati ya shule. Haukutamka nyumba. Kila nchi ikabaki na nafasi ya kuamua kama nyumba inaingia humo, na ndiyo maana Wajerumani na Waingereza wamesaini karatasi zinazofanana na wanaishi tofauti.

Brazil ilituachia somo la kisheria hapo. Septemba 2018 mahakama yao ya juu ilisema katiba haikatazi kusomesha nyumbani, lakini kwa kuwa hakuna sheria ya shirikisho inayoweka utaratibu na ukaguzi, mzazi hawezi kuanza. Kukosekana kwa katazo hakukuzaa ruhusa. Na sisi tuko mbali zaidi ya Brazil, kwa sababu sheria yetu imeshasema shule. Upepo nao hauvumi upande wako: Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaelekeza elimu ya lazima iwe miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Kamba inarefushwa, haifunguliwi.

Basi ufanye nini na mtoto mwenye pumu? Hapa ndipo naona ulikimbilia kwenye suluhisho kubwa kabla ya kujaribu madogo. Nenda hospitali ukaandikiwe barua. Usiridhike na kadi ya kliniki. Barua iandikwe kwa mwalimu mkuu, itaje jina la mtoto kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, ieleze ugonjwa, ieleze vinavyomchokoza (vumbi la kufagia na la chaki vitajwe kabisa), na daktari apendekeze kinachotakiwa: asifagie, aingie darasani vumbi likishatua, akae karibu na dirisha, na dawa yake ya kuvuta iwe mahali mwalimu anapajua na anapoifikia haraka. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kukumbuka maelezo ya mdomo uliyompa getini. Barua yenye mhuri anaiweka kwenye faili na anaiogopa kidogo, na kuogopa huko kunasaidia.

Barua hiyo hiyo inakulinda mahudhurio yakishuka. Mtoto mgonjwa akikaa nyumbani kwa ruhusa ya shule, jina lake likiwa bado kwenye daftari, si mtoro na wewe hujavunja sheria. Katika wiki mbaya za pumu omba kazi za darasa, mfundishe mwenyewe, umrudishe akiwa amewafikia wenzake. Hapo ualimu wako una nafasi yake kamili, na kifungu cha 35 hakina la kukwambia. Hali ikiwa nzito zaidi, panda ngazi: afisa elimu maalumu wa Jiji ndiye mwenye dhamana ya watoto wenye mahitaji ya aina hii, na mengi anaweza kuyapanga na shule bila mtu kwenda mahakamani. Njia nyingine ni uhamisho. Shule ya binafsi yenye darasa dogo inahesabika kuwa shule mradi imesajiliwa, na hata kati ya shule za serikali msongamano haufanani. Uhamisho ufanyike rasmi, na namba ya PReM ihamie kule anakokwenda kabla hujafurahi.

Shule za mtandaoni za nje naziweka pembeni kwa maneno machache. Kumlipia Nasra masomo ya kampuni ya ng'ambo hakumfanyi awe ameandikishwa shule kwa mujibu wa sheria yetu. Mitihani ya kimataifa ya Cambridge watahiniwa binafsi huifanya katika vituo vinavyowapokea, na cheti chake hupelekwa Baraza la Mitihani kupata ulinganifu, lakini hayo ni ya miaka ya mbele sana na yana gharama.

Mdogo wake wa miaka minne ni rahisi. Kifungu kinaanzia miaka saba, kwa hiyo leo hujavunja chochote kwa kukaa naye, kumfundisha herufi na kumpeleka chuoni jioni. Ila shule nyingi siku hizi huanza darasa la kwanza na watoto wa miaka sita, na hutaka mtoto aliyepitia awali. Usisubiri siku ya kuzaliwa ya saba ndipo uanze kutafuta nafasi.

La kina mama watano ndilo linalonipa wasiwasi kuliko yote, na naliona limepita haraka kwenye barua yako. Mama mmoja na mwanawe ni suala la utoro. Kina mama watano wanaokusanya watoto wao kila asubuhi sebuleni kwako, na pengine wanachangia fedha, hapo afisa wa elimu ataona shule isiyosajiliwa. Kuanzisha shule kuna kibali, kuna usajili, kuna ukaguzi wa majengo, vyoo na walimu, na kuendesha bila hayo ni kosa linalojitegemea. Mwenye nyumba atakuwa wewe. Mkitaka kukutana, kutaneni baada ya saa za shule kama tuisheni, watoto wote wakiwa wameandikishwa wanakosoma. Na kama mna nguvu ya kweli na mtaji, anzeni utaratibu wa kusajili shule ndogo kwa halmashauri. Ni safari ndefu, lakini walioifanya wapo.

Mkihamia Johannesburg, ombi la kifungu cha 51 litapelekwa huko mkishakuwa wakazi wenye vibali, na ruhusa ya wifi haiwahusu wanao. Mpaka siku ya kusafiri Nasra abaki kwenye daftari la shule ya Tanga. Siku ya kuondoka chukua barua ya uhamisho, ripoti zake za maendeleo, nakala ya cheti cha kuzaliwa iliyothibitishwa, na ile barua ya daktari. Idara ya elimu ya huko itataka kujua alisoma wapi na kufikia darasa gani, uwe umeamua shule au nyumbani. Ukipata muda wiki hii, anza na hospitali, kisha nenda kwa mwalimu mkuu mapema asubuhi kabla kengele haijalia, mkabidhi nakala na umwombe asaini kwenye nakala yako kwamba amepokea.